Nyoka wa Maige

Kijiwe cha Mkokoteni kimepata jina kwa benchi lake: ubao wa mkokoteni wa ng'ombe uliovunjika ekseli msimu mmoja wa pamba hapa Bariadi, mwenyewe akauegemeza kwenye ukuta wa fundi viatu na asirudi tena. Wakaao hapo ni Bujiku fundi redio, aitwaye Mawimbi. Kasmiri, aitwaye Wahenga, maana methali anazo gunia zima ila huzitoa bila kuchagua. Na Maige, dalali wa mnadani, mtu wa sauti kubwa ambaye tangu masika tumbo limemnyamazisha. Jioni hiyo Maige alikuwa amekibana kikombe chake chini ya mbavu. Ndani mlikuwa na maji ya moto tu. Salvatory muuza kahawa humtilia hivyo kila siku kimyakimya, asije akajiona amekaa kijiweni mikono mitupu. Kesho yake alitakiwa Mwanza, akamezeshwe mpira wenye kamera. Mkewe Joyness alishafunga begi. Maige moyoni alishaamua haendi.

— Hebu rudia ya yule daktari wa kwanza, Mawimbi alisema. Wahenga hakuwepo siku ile.

— Nilimwambia ukweli tu. Tumbo la namna hii nyumbani tunaliitaje?

— Nzoka!

— Na nzoka kwa Kiswahili?

— Nyoka.

— Basi. Nikamwambia, daktari, nyoka ananiuma tumboni. Kijana wa watu, mgeni huku, karuka kwenye kiti! Vua shati! Akatafuta alama za meno kitovu kizima.

— Akaziona?

— Atazionea wapi na nyoka yuko ndani? Akauliza alikuwa wa rangi gani. Nikamwambia huyu haonekani, hata marehemu baba alikuwa naye. Akaweka kalamu chini, akaniambia niende kwa daktari wa akili.

Walicheka mpaka ubao ukalia. Maige naye alicheka, taratibu, maana kicheko kilikuwa kinamgusa palepale. Waliofuata walipima damu, wakapima choo, wakampitishia tumboni kile kidude chenye mafuta ya baridi. Jibu moja: hatuoni kitu. Neno hilo lilimuuma kuliko tumbo lenyewe. Ukiambiwa una kitu, wewe ni mgonjwa. Ukiambiwa huna kitu na bado unajikunja, umekuwa mwongo mbele ya mkeo.

— Mimi nasema ni michembe, alisema Mawimbi. Kipande cha kiazi kikavu ulichomeza utotoni bila kutafuna. Kimekaa. Kila ukinywa maji, kinavimba.

— Miaka yote hiyo?

— Kiazi kilichokaushwa vizuri kinaoza? Hakiozi!

— Haba na haba hujaza kibaba, Wahenga alitia muhuri.

— Sasa hiyo inahusiana vipi?

— Inahusiana na kuvimba.

— Au mnara, Mawimbi aliendelea, amenogewa. Tangu wasimike ule mnara wa simu nyuma ya kwenu. Tumbo lako limeshika masafa. Mtandao ukiwa mzuri, linauma zaidi.

— Wewe redio zimekuharibu. Mimi nasema ni yule dume mwekundu wa mahari ya dada yake. Si alimpeleka mnadani? Ng'ombe wa mahari hauzwi hivihivi. Sasa anacheua tumboni mwa Maige!

— Na hiyo kamera ya kesho itamwona?

— Itamwona mkia. Ila tatizo la kamera, mpanda ngazi hushuka, hii inashuka. Ikigoma kupanda je?

— Siendi, alisema Maige.

Wahenga akachovya mkono kwenye gunia lake, na safari hii, kwa bahati mbaya, akatoa iliyo sahihi.

— Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hakuna aliyemtazama. Mwenyewe alijuta mara ilipomtoka.

Ndipo akatokea Milembe, shemeji yake Mawimbi, ametua kutoka Kimali, amefuata ufunguo wa nyumba.

— Mwadila! aliwasalimu.

— Mwadila, mayu! waliitikia, yaani mama.

— Mhola?

— Mhola duhu, Maige aliwahi kujibu, kwamba ni salama tu, maana hivyo ndivyo hujibiwa.

— Salama gani hiyo umejikunja?

— Ana nzoka, wakamjibia wote watatu.

— Hilo ni jina, alisema Milembe. Mimi namuuliza, linauma vipi?

Mawimbi alimtazama Wahenga. Wahenga alimtazama Salvatory. Masika yote walikuwa wamelijadili tumbo hilo, na hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuuliza. Maige aliweka kikombe chini. Bila nyoka wake, hakujua aanzie wapi.

— Linaanza hapa, alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. Njaa ikishika. Kama mtu anakamua nguo. Nikila linatulia kidogo, kisha linarudi na moto. Joyness akilala namgeuzia mgongo nijibane peke yangu, asijue.

— Ulimwambia daktari hivyo?

— Nikifika pale ulimi unakwama, nasema nyoka. Mayu, naogopa. Naogopa wakute kitu. Na wakisema tena hakuna kitu, Joyness nitamwambia nini?

Salvatory aliinamisha birika, likatoa tone moja. Wahenga alipekua gunia lake lote, hakupata methali. Mawimbi alimpa shemeji yake ufunguo, akakohoa.

— Gari la Mwanza linaondoka saa ngapi?

— Unaenda kufanya nini Mwanza? Maige aliuliza.

— Kukaa karibu na mlango wa daktari. Nikisikia umesema nyoka, nakohoa.