Mwalimu Marsela, Aliyekataa Kuandikisha Ishirini na Tano

Ndugu waombolezaji, familia inawaomba mkae mlivyokaa na msikilize, kwa kuwa marehemu alituachia masharti juu ya maneno haya, kwamba tarehe ziwe sahihi na kwamba asisifiwe kwa upole ambao hakuwa nao.

Mwalimu Marsela alizaliwa tarehe 12 Machi 1971 huko Oldeani, ambako baba yake alikuwa kibarua wa kupulizia dawa kwenye shamba la kahawa. Akiwa bado mdogo alimwona mnyapara akiamuru mrututu, dawa ya ukungu, utiwe kwenye pipa kwa konzi, konzi ya mtu huyu na konzi ya mtu yule, majani ya mibuni yakaungua safu nzima, na lawama wakabebeshwa vibarua, akiwemo baba yake. Tangu hapo Marsela aliwadharau watu wa konzi, na dharau hiyo hakuificha hadi anaingia kaburini.

Alisoma shule ya msingi hapo Oldeani kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, sekondari huko Mbulu kuanzia 1986 hadi 1989, kidato cha tano na cha sita mjini Moshi, kisha chuo cha ualimu alichomaliza mwaka 1995, akichukua kemia na hisabati. Mwaka 1996 aliajiriwa katika shule ya sekondari hapa Karatu, na tarehe 9 Oktoba 1999 alifunga ndoa na Bwana Yohani, fundi wa magari ya watalii, wakajaliwa watoto wawili, Hyasinta na Witness. Bwana Yohani anasema alichumbia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alisema anampenda “sana” akaulizwa sana ni kiasi gani.

Wanafunzi wake wote mliopo mnajua alivyofundisha moli. Hakuruhusu mtoto akariri fomula kabla hajaweza kueleza kwa maneno yake anahesabu nini, alisema moli ni namna ya kuhesabu vitu visivyoonekana kwa kuvipima uzito, kama mwenye duka anavyojua idadi ya misumari kwa kuiweka kwenye mizani, na aliyekuja na jibu lisilo na kipimo mbele yake, gramu au lita, alirudishiwa karatasi bila kusahihishwa. Walimu wenzake walimwita mkorofi, naye aliwaita wao watu wa takriban.

Sasa tunafika mwezi Agosti mwaka 2014, na familia imeamua kulisema jambo hili wazi, kwa sababu limesemwa kwa uongo miaka mingi. Asubuhi ya mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne, vitendo vya kemia, Mwalimu Marsela aliingia maabara kabla ya watahiniwa, akajaza asidi kwenye bureti, ule mrija wa kioo wenye alama za ujazo, akaidondoshea kwenye myeyusho wa magadi uliokuwa umeandaliwa, na rangi ikabadilika kwenye mililita tisa nukta tatu, wakati mwongozo ulitaka ishirini na tano. Alirudia, ikawa ile ile. Ndipo alipoitazama chupa ya magadi na kuona kwamba aliyeandaa alipima magadi ya fuwele, yenye maji ndani yake, kwa uzito uliowekwa kwa ajili ya magadi makavu, yaani sehemu kubwa ya alichokiweka mizanini ilikuwa maji, na magadi yenyewe yalizidi theluthi kidogo tu.

Alikwenda kwa mkuu wa shule, Mwalimu Hilary, akamweleza kosa na kumwomba muda wa kuandaa myeyusho mwingine. Mkuu alikuwa amevaa suti, anangoja wageni kutoka wilayani, akasema muda hakuna, watoto waambiwe waandike ishirini na tano, maana ndilo jibu. Mwalimu Marsela alimjibu, “Mimi nikimwambia mtoto asiamini macho yake, kesho nitamfundisha nini?” Akarudi maabara, akawaambia watahiniwa kila mmoja aandike anachokisoma kwenye bureti. Mkuu akaja nyuma yake, akapita meza kwa meza akinong'ona, mtu mzima mwenye shahada, na wote wakaandika ishirini na tano, isipokuwa binti mmoja kutoka Malambo, Nailantei, aliyeandika tisa nukta tatu na kukokotoa kwamba myeyusho ulikuwa hafifu.

Nailantei alipewa sifuri, kisha akasimamishwa mbele ya gwaride la asubuhi, mkuu akimtania kwamba anasoma bureti kama anayehesabu ng'ombe walio mbali, na shule ikacheka. Mwalimu Marsela alitoka kwenye mstari wa walimu, akasimama kando ya binti yule, akasema mbele ya wote, “Huyu ndiye aliyefanya kemia. Ninyi wengine mmeandika imla.” Mwezi Oktoba akapewa uhamisho kwenda Malambo, akiacha watoto wake wawili hapa Karatu na baba yao.

Waliompeleka kule walidhani wamemzika. Shule haikuwa na bureti hata moja, basi alitumia mabomba ya sindano za mifugo yasiyo na sindano, yenye alama za ujazo, na magadi aliyachukua Engaresero, ufukweni mwa ziwa Natron, wanafunzi wakayapima, wakayakausha kwenye jiko la mkaa, wakayapima tena, wakajua wenyewe maji yaliyopotea ni kiasi gani. Alifundisha hivyo hadi mwaka 2022, aliporudi Karatu.

Mwezi Juni mwaka 2024 alianza kuugua tumbo, akagundulika Moshi kuwa na saratani ya kongosho. Zilikuja chupa za miti shamba, na mwenye chupa moja alimwambia anywe vijiko viwili, au vitatu, kadiri atakavyojisikia, naye Marsela akamfukuza. Maumivu yalipozidi, Nailantei, ambaye sasa ni mfamasia, aliomba likizo akaja kumhudumia, na siku ya kwanza alipompimia dawa ya maumivu, mgonjwa aliomba chupa, akasoma nguvu yake, akakokotoa kimya midomo ikitikisika, kisha akasema, “Sahihi, mwanangu,” akanywa. Baada ya hapo hakuomba tena kuiona chupa. Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 3 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Moshi, waliomweleza ukweli kila alipouuliza, majirani mliopika na kukesha nasi, walimu wa Malambo mliosafiri siku nzima kwa barabara ile, na Nailantei, ambaye ni wa nyumba hii.

Uongozi wa shule yake ya kwanza ya kazi, ya hapa Karatu, uliomba nafasi ya kutoa salamu, nasi tuliziona kabla, zinasema marehemu aliondoka shuleni hapo kwa hiari yake, hivyo hazitasomwa. Mwalimu Hilary yupo, amekaa kwenye viti vya wageni rasmi, na chakula atapewa kama wengine wote.

Marsela, mama, mke, mwalimu, umepima vya kutosha, sasa pumzika.