Betri Zilizokata Jina la Mama

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokwisha kupata watu wenu, asifiwe pia na ninyi ambao bado mnatega sikio. Mimi ni Maman Claude wa Gihundwe. Sikuja kuwachangamsha. Nimekuja kusema nilivyotendewa.

Nilizaliwa Bukavu. Vita vilipoingia mjini, kila mtu alikimbia na njia yake. Mimi na mume wangu tulivuka mto wa mpakani tukaja huku. Mama yangu Madalena, pamoja na baba, walishika njia ya msitu. Tangu hapo, kimya. Miaka ikapita, kimya!

Mnajua jinsi alasiri redio inavyosoma majina ya wanaotafuta watu wao. Kwangu redio haikufunguliwa kwa muziki. Ilifunguliwa kwa majina tu, kisha natoa betri zake mbili, nazianika juu ya bati zipate joto, zidumu. Nani hapa hajawahi kuanika betri? Basi mnanielewa.

Ndipo shemeji yangu wa Ubelgiji akatuma kifaa cha michezo cha kushika mkononi. Kilikuwa ndiyo kwanza kimetoka, hata huko Ulaya watu walikuwa bado wanakigombania. Papa Claude, mume wangu, alikishika kwa mikono miwili.

"Maman Claude, kuya uone! Hii kitu ni ya sasa!"

Ya sasa, ndiyo. Lakini kioo chake hakikuwa na taa, ndani ya nyumba huoni kitu. Mume wangu, mtu mzima, akawa anakaa uani juani, shati kichwani, anaendesha magari yasiyofika popote. Mchezo ulikuwa huo mmoja tu. Na betri! Ndugu zangu, kile kifaa kilikula betri kama nzige. Kitaa chake kidogo cha ubavuni kikiwa chekundu, mwisho umefika.

Sikumkataza. Tangu Bukavu mikono yake ilikuwa inatetemeka, na akicheza ilitulia. Nilifurahi kuiona imetulia. Nilisema moyoni, acha mtu wa watu apumzike.

Siku moja alasiri nilifungua redio. Msomaji akaanza majina. Nikasikia: "Madalena Nyirahabimana, wa Bukavu, anatafuta binti yake..." Akalitaja jina langu la ubatizo! Akasema, "Mama huyu sasa yuko..." Sauti ikazama. Redio ikafa mkononi mwangu.

Nilipiga ile redio kwa kiganja. Niliita, "Yuko wapi? Sema, yuko wapi?" Papa Claude akaja mbio kutoka uani, akaelewa, akakaa chini kwenye vumbi.

"Nilibadirisha mapile, ile betri, asubui," akasema. "Nilikamata ya redio, nikarudisha ku bati ile ya muchezo. Ilikuwa imepata joto muzuri ku jua. Nilizani itatosha ya majina."

Sikumtukana. Nilitoka bila viatu, nyumba kwa nyumba. Kwa huyu redio iko kwa fundi, kwa yule wanasikiliza muziki. Hakuna aliyesikia! Nilifika mjini Kamembe nikakaa kando ya barabara nikalia kwa sauti. Nilimwambia Mungu wazi kwamba amenionyesha mama ili aninyang'anye tena. Ndiyo, nilisema hivyo, na bado Hakunitupa.

Mzee Saidi, fundi cherehani, Mwislamu, alitoka kibandani pake. Redio yake huwa anaifungua kwa nguvu ili ishinde kelele za cherehani.

"Maman, unalilia nini?"

Nikamtajia jina la mama.

"Madalena? Usilie, maman. Niliisikia mimi. Balisema iko ku Idjwi, kwa bantu ba kanisa. Muguu ilivunjika."

Idjwi! Kisiwa ambacho ukisimama Nkanka, kando ya ziwa, unakiona kwa macho! Miaka yote hiyo nilikuwa nafua nguo ziwani nikikitazama.

Papa Claude ndiye aliyevuka kwa pirogi, mtumbwi wa ziwani, kumleta. Mama alishuka amekonda, mguu umepinda, hata kunikumbatia alishindwa. Nilimsifu Mungu hapo hapo kwenye matope. Yeye akanitazama, akauliza neno moja tu: "Papa yako alishafika?"

Waliachana msituni. Alidhani baba yuko kwetu.

Ndugu zangu, Bwana aliyenirudishia mmoja sitamwacha kwa sababu ya mwingine. Nawe usimwache! Kile kifaa kimelala sandukuni, tumbo tupu, na betri sasa anazilinda mume wangu, mikono yake ikitetemeka. Mama yupo hapa, benchi la mwisho. Ibada ikiendelea hadi alasiri mtamwona anainuka na fimbo yake, msimwite. Anawahi majina. Nanyi mnaomwamini Mungu, saa hiyo ikifika, fungueni redio zenu kwa nguvu, jirani asikie.