Mvulana Hasukwi

Ndani ya basi, kinyozi alikaa nyuma ya wanawake wawili wasiojuana, macho dirishani, masikio mbele.

"Binti yangu aliniambia nilipokuwa nikimsuka nywele," alisema mmoja wao, fundi cherehani. "Alishampenda mvulana, sasa anampenda msichana mwenzake. Akasema, mama, bado najitafuta. Wala hakuogopa. Kaka yake je? Tangu darasa la tano alijua moyo wake hauendi kwa wasichana. Akanyamaza, mpaka siku alipohama nyumbani ndipo akasema."

"Watoto wa siku hizi wanaigana tu, mwenzangu," alijibu mama mwenye kikapu.

"Miaka yote hiyo alikuwa peke yake, dada. Alimwiga nani?"

Mama akahamisha kikapu kutoka goti hili hadi lile. "Basi mbona hakukwambia mapema?"

"Angeniambia saa ngapi? Mvulana hasukwi."

Kinyozi akainamisha kichwa. Mwanawe, kijana aliyetulia kama maji mtungini, yeye mwenyewe ndiye aliyemnyoa kila Jumamosi. Na kila mara kijana alipokohoa kama anayetaka kusema neno, baba aliongeza sauti ya redio.

Basi likasimama. Ilikuwa Jumamosi.