Kamati ya Kuishukuru Kamati

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya duka la kinyozi, na ng'ambo ya barabara ndiyo chekechea ya mtaa. Jioni ile mlango wake ulikuwa wazi, na Mama Cherehani, fundi nguo na mwenyekiti wa kamati ya chekechea, alikuwa anapanga viti vya mkutano wa wakazi. Mwenye nyumba alishatoa neno la mwisho: wakazi wasipofika leo kusema bado wanaitaka chekechea, chumba anakigeuza ghala la saruji. Mkutano wa kwanza watu hawakuja. Wa pili mvua ilinyesha. Na sisi, wapenda mtaa wetu, tulikuwa benchini tunajadili namna ya kuishukuru kamati, maana miaka yote wanajitolea bila kulipwa hata nauli.

— Nawauliza, alianza Gia Tano, dereva wa lori aliyestaafu. Mtu anaacha cherehani yake kila Jumamosi, anakwenda kuumiza kichwa juu ya vyoo vya watoto wa wenzake. Anapata nini?

— Chai, akasema Kinyozi.

— Chai kila mjumbe anakuja na chupa yake. Nimeona kwa macho.

— Basi ni nadhiri, akasema Wakili, ambaye sheria aliisomea kwenye benchi hilihili. Aliumwa, akapona, akaahidi. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Methali hiyo inahusu kulea.

— Na chekechea inahusu nini?

Babu Kahawa, aliyekuwa anatumiminia, alisema yeye hajui mambo ya nadhiri. Anachojua ni kwamba binti yake anatoka alfajiri kwenda kiwandani, na pasipo chumba kile mjukuu wake angeshinda naye barabarani, kando ya jiko la mkaa. Akaongeza kwamba kahawa ikiisha tu, atavuka kwenda mkutanoni. Tukawa tunakunywa taratibu, asije akatukimbia.

— Tuwape vyeti, Wakili akasema.

— Cheti kinaliwa na mchwa, akajibu Gia Tano. Barabara hii tuiite Barabara ya Mama Cherehani.

— Kwa mashimo haya? Utakuwa umemtukana, akasema Kinyozi. Mimi nasema sanamu, pale njia panda. Amekaa kwenye cherehani, na sindano inatembea kwelikweli, kwa umeme.

— Umeme ukikatika?

— Anapumzika. Kwani yeye si binadamu?

Wakili akasema jambo zito kama hilo linahitaji kamati ya kuishukuru kamati. Wahenga walisema wengi wape, nao wajumbe ni wengi, kwa hiyo tuwape. Gia Tano akajitwika hotuba, akaijaribu palepale, mkono kifuani: bila nyinyi mtaa huu ungekuwa giza. Mimi nilisisimka, sitaficha. Ng'ambo, Mama Cherehani alisimama mlangoni, akatazama barabara huku na huku. Kisha akarudi ndani, akaanza kupanga viti kimoja juu ya kingine.

Hapo akatokea mwanamke tusiyemjua, mtoto mgongoni.

— Shikamooni, wazee wangu. Nimehamia juzi. Nasikia leo kuna mkutano wa chekechea. Watu wa mtaa huu wako wapi?

Marahaba tuliitikia vizuri, kwa pamoja. Kwa swali, Gia Tano aliinamia kikombe chake, na mimi aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Babu Kahawa akafunika birika, likiwa bado nusu.

— Mama, twende, alimwambia yule mgeni.

Tukawafuata. Kinyozi akawaita waliokuwa wanasubiri dukani kwake, na fundi baiskeli wa jirani alipoona msafara akadhani kuna msiba, naye akaja.

Mama Cherehani alituona tukivuka. Alishusha kiti kimoja, kisha kingine. Ni viti vya watoto, magoti yalitufika kidevuni. Mwenye nyumba alikuwa ameketi pembeni, amekunja mikono. Gia Tano akainuka kutoa hotuba yake.

— Kaa kwanza, kaka, alisema Mama Cherehani. Wanaotaka chekechea ibaki, wanyooshe mkono.

Tulinyoosha. Gia Tano alinyoosha yote miwili, na hakuna aliyemkosoa, hata mwenye nyumba.