Fundi Pima Tena na Mguu Uliopona

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya kaka yetu mkubwa, fundi cherehani mliyemwita Pima Tena, na nitasoma kwa ufupi, kwa kuwa yeye hakupenda maneno mengi kazi ikisubiri.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1959, nyumbani kwa wazazi wetu karibu na kituo cha reli, akamaliza darasa la saba mwaka 1973, kisha baba akampeleka kwa fundi wa sare za shule, ambako alijifunza kurudia kipimo kabla ya kugusa mkasi, na jina lake likatoka hapo. Mwaka 1981 alifungua kibanda chake kwenye baraza ya duka la dawa, tarehe 14 Agosti 1984 akamwoa wifi yetu, wakajaliwa watoto watatu, wote akawasomesha kwa cherehani moja ya kukanyaga.

Mwaka 2009 aligundulika kuwa na kisukari, miguu ikafa ganzi taratibu, na Februari mwaka huu wa 2024 sindano ilimwingia unyayo wa kulia asijue, hadi wifi alipoona damu sakafuni. Kidonda kilichimbika, madaktari wakataja kukata, naye akawasihi kwa machozi, akiuliza atakanyagia nini. Ndipo, pamoja na kusafishwa kidonda na kudhibiti sukari, akaanzishiwa mwanga hafifu wa leza, usiochoma wala kuuma, unaomulikwa kidondani kusaidia nyama mpya kuota, kwa sharti kwamba mguu huo usikanyage kitu. Alikwenda na futi yake shingoni, akimsumbua muuguzi, "Binti, pima tena," naye akimjibu, "Babu, hii si suruali, hatupunguzi kiuno," na kidonda kweli kikapungua.

Sharti alilishika. Mguu wa kulia aliulaza juu ya kigoda chenye mto, akakanyaga cherehani kwa wa kushoto peke yake, kutwa nzima, maana sare zilikuwa zinasubiriwa, nasi tuliopita kibandani tulimsifu kwa utii, tukamwekea mto vizuri, na hakuna aliyemwambia avue kiatu cha kushoto.

Tarehe 3 Septemba muuguzi alimwambia kidonda kimefunga, marehemu akapima, akapima tena, akakosa cha kupima, na wifi alipoinama kumvalisha soksi akasikia harufu ikitoka kwenye kiatu cha pili. Mguu wa kushoto ulikatwa tarehe 5, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu, akafariki Jumapili tarehe 8, baada ya kutuuliza tena na tena kama wa kulia bado ni mzima.

Tunawashukuru madaktari, majirani, mafundi wenzake waliomalizia sare zilizobaki, na yule muuguzi, ambaye ameketi nyuma kabisa, tunamwomba asogee mbele akae na sisi.

Kaka, kazi imekabidhiwa, hakuna tena cha kukanyaga, pumzika kwa amani.