Khanga Iliyonifunga Mikono

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu. Itikieni taratibu, maana kelele za ghafla huniumiza.

Mimi ni fundi cherehani, naishi na mama yangu hapa Mlandizi. Nina usonji. Tangu utotoni, moyo ukijaa furaha au hofu, mikono yangu hutikisika mbele ya kifua na mwili huyumba. Ndivyo ninavyotulia. Lakini watu walisema ni pepo, na kila tulipokwenda ibadani mama alinifunga viganja kwa khanga, asiaibike.

Ndugu zangu, siku hiyo tulialikwa kwenye maombezi Kisarawe. Tuliketi karibu na spika. Ngoma zilipoanza, khanga ikalegea, mikono ikaanza kutikisika. Mhubiri akaniona.

"Limejidhihirisha! Mshikeni huyo!"

Akina mama wa maombi wakanilaza chini, wakanibana mikono. Nilipobanwa, hofu ikapanda, nikapiga mayowe. Nilipopiga mayowe, wakasema pepo anapigana, wakabana zaidi. Pumzi ikaanza kukata. Nilijua nitafia pale, ndugu zangu, huku nikiombewa. Hata neno "niachieni" lilikataa kutoka. Nikaomba kimoyomoyo: Bwana, wewe uliyenifinyanga, waambie.

Nikasikia sauti ya mama. Mama yangu ni mpole, hajawahi kumjibu mtumishi wa Mungu.

"Mwacheni mwanangu. Mnamuua."

"Mama, usizuie kazi ya Bwana," mhubiri akasema.

"Baba mchungaji, kazi ya Bwana nitaiona akipumua. Mwacheni!"

Akawasukuma, akaninyanyua, akanitoa nje nyuma ya ukuta. Hapo mikono ikatikisika, ikatikisika, na hakuna aliyeizuia. Pumzi ikarudi. Mama alinitazama mpaka nilipotulia, na machozi yalikuwa yanamtoka. Kisha akaiokota ile khanga iliyoniponyoka mkononi, akajifunga mwenyewe kiunoni, akasema twende nyumbani.

Wapendwa, namshukuru Mungu. Sikufunguliwa kutoka kwa pepo, maana hakuwapo. Nilifunguliwa mikono. Wewe mzazi unayemficha mwanao ndani, mwamini aliyemuumba, hakukosea. Mtoto akitikisa mikono, mpe nafasi atulie.

Mnaona, hata sasa yangu inatikisika, kwa furaha. Mama yupo pale mbele. Khanga yake bado iko kiunoni.