Mama Matangazo na Njia ya Tano

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Matangazo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba za reli, nyumba ya mwisho karibu na tangi la maji. Alikuwa mtoto wa pili wa mpiga bendera wa stesheni na mshona nguo. Kaka yake, aliye hapa nasi, husimulia kwamba mtoto huyo alipolia mara ya kwanza baba yao alitoka mbio akidhani treni ya mizigo imewahi. Kaka hupenda kutia chumvi, lakini kwa habari ya ile sauti hasemi uongo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1968 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1978. Hesabu zilimpiga chenga. Katika kusoma kwa sauti, hata hivyo, hakuwa na mpinzani, na mwalimu mkuu alimwachia matangazo yote ya asubuhi ili yeye apate kunywa chai yake kwa raha. Gitaa alifundishwa na baba yake kibarazani. Lilikuwa na nyuzi nne tu, mbili zilikuwa zimekatika zamani, na hakuna aliyeona sababu ya kuzirudishia.

Januari 1980 aliajiriwa stesheni kuu kama mtangazaji wa treni, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2016. Chumba chake kilikuwa juu ya ofisi ya tiketi: meza, kipaza sauti cha chuma, feni iliyolalamika mchana kutwa, na dirisha lililotazama njia zote nne za reli. Humo ndimo alimoingia fundi wa saa mwaka 1983, kuja kurekebisha saa ya ukutani. Kesho yake alirudi kuangalia kama bado inakwenda. Keshokutwa yake akarudi tena. Marehemu akamwambia kwamba saa ni nzima, labda mgonjwa ni fundi. Walifunga ndoa tarehe 14 Aprili 1984 na wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 1986 na mvulana mwaka 1993.

Binti huyo, kifungua mimba wake, alikulia katika chumba kile. Akitoka shule alikaa chini ya meza akisubiri mama amalize kazi, na ili asichoke, mama alizima kipaza sauti na kumtangazia treni za miji isiyokuwepo. Kulikuwa na mji wa majitu yanayoogopa kuku. Kulikuwa na mto uliopanda mlima kufuata kitu ulichokisahau huko juu. Treni zote hizo ziliondokea njia ya tano. Siku moja alisahau kuzima. Stesheni nzima ikatangaziwa treni ya kwenda kwa majitu, na abiria wakaombwa wasibebe kuku. Bibi mmoja akapanda ngazi na mizigo yake kuulizia nauli, maana huko alikuwa hajawahi kufika. Mkuu wa stesheni alimpa Marehemu onyo kali, kisha akafunga mlango na kuuliza ilikuwaje mwisho wa yale majitu.

Mwaka 2006 binti alitaka kuacha chuo ajiunge na bendi. Mama alikataa katakata. Alisema kuimba ni kwa kibarazani, si kwa kutafutia ugali. Wakanuniana. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 4 Septemba, Marehemu aliingia kazini kama kawaida na kutangaza treni ya kwanza. Jioni ndipo alipokuta kitanda kimetandikwa na sanduku halipo. Alikuwa amemtangazia mwanawe kuondoka kwa mdomo wake mwenyewe, tena amemtakia safari njema. Binti alipiga simu mara moja tu, akasema yuko hai, na laini ikakatika. Tangu hapo hatujamsikia. Mume wa Marehemu anasema kuanzia siku ile Marehemu hakuwahi tena kutangaza treni inayoingia bila kusimama dirishani hadi abiria wa mwisho ashuke.

Alipostaafu alilichukua gitaa la baba yake, akalitia nyuzi zote sita, na kwenda studio iliyo nyuma ya duka la kutengeneza simu, ile yenye trei za mayai ukutani. Kijana wa mitambo alimshauri kwa adabu kwamba watu wanataka nyimbo za mapenzi, mama, si habari za majitu. Akamjibu, "Hizi ni za mapenzi, mwanangu. Wewe washa mashine." Albamu yake ya kwanza, *Njia ya Tano*, ilitoka Novemba 2018 ikiwa na nyimbo tisa, akiwa na miaka hamsini na saba. Redioni walimcheka kidogo, kisha watoto wakaipenda, kisha saluni, kisha kila mahali. Yeye hakuhesabu hilo kuwa mafanikio. Alitaka msikilizaji mmoja. Alituambia kwamba popote binti alipo, akisikia majitu na kuku atajua anaitwa nyumbani, na kwamba kuimba hakukatazwi tena.

Mwaka uliofuata mwanamke mmoja alipiga simu akijidai ndiye. Marehemu alimwuliza jambo moja tu, kuku aliyelitisha jitu kubwa kuliko yote alikuwa wa rangi gani. Yule akasema mweupe. Marehemu akamshukuru, akaweka simu chini, na akalia mbele yetu sote bila kujificha.

Mwaka 2021 madaktari walimwambia moyo wake umepanuka. Alitumia dawa, akapata nafuu, akazidiwa tena mwezi Mei 2023. Aliaga dunia hospitalini alfajiri ya Ijumaa, tarehe 14 Julai, mumewe akiwa amemshika mkono. Siku mbili kabla alituagiza hivi: "Mkiandika wasifu wangu msije mkasema nimeacha mtoto mmoja. Andikeni wawili."

Tulipokaa kuandika, kaka wa Marehemu alisita. Hakuwa na ubaya. Alisema jambo tusilo na hakika nalo lisichapwe, watu watauliza. Mume wa Marehemu akasema, "Shemeji, kuondoka kwake kulitangazwa na mama yake. Kwamba hatafika, nani kati yetu ana ruhusa ya kulitangaza?" Hatukubishana tena.

Marehemu ameacha mumewe fundi wa saa, kaka mmoja, wakwe na majirani wa nyumba za reli, na watoto wawili: kitinda mimba wake, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, na kifungua mimba wake, ambaye hadi programu hii ya mazishi inakwenda kuchapwa alikuwa bado hajafika.

Mama, pumzika sasa, na amani iwe nawe. Zamu ya kumngoja tumeipokea sisi.